Kuhusu mgongo wangu, na ile saruji unayonihimiza

Mama Zawadi mpendwa,

Salamu nyingi sana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chali, mto chini ya magoti, maana huo ndio mkao unaonipa nafuu. Umeniuliza kwa nini nasita kudungwa mgongoni ile saruji ya kitabibu ya kuimarisha mfupa uliovunjika, ilhali mama yako mkubwa alidungwa na kesho yake akaenda msalani bila kushikwa mkono. Najua umeuliza kwa sababu unaniona nateseka. Kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Iliyovunjika ni pingili ya kwanza ya kiuno, ile inayopakana na ya mwisho ya kifua. Daktari anasema hapo ndipo pingili nyingi hubonyea: juu yake kifua kimeshikwa na mbavu, hakipindi sana, na chini yake kiuno kinapinda, basi nguvu zote hukutana hapo. Sikuanguka wala sikupata ajali. Niliinama kuinua ndoo, maumivu yakanipasua kiunoni, nikashindwa kunyooka. Picha zinaonyesha upande wa mbele wa pingili umepondeka, ila ukuta wake wa nyuma uko imara na hakuna kipande kilichosogea kwenye njia ya neva. Hilo la neva ndilo linalonipa nafasi ya kuchagua. Miguu ingeishiwa nguvu, au ningeanza kufa ganzi kati ya mapaja, au mkojo ungekataa kutoka au ungenitoka bila mimi kujua, hapo kusingekuwa na cha kujadili: ni kukimbizwa hospitali saa ileile.

Maumivu ya mwanzo sitaki kuyakumbuka. Kukohoa tu kulinitoa machozi. Aliyeniokoa ni mtaalamu wa fiziotherapia, aliyenifundisha kugeuka kitandani kama gogo: unakunja magoti, mabega na nyonga vinazunguka pamoja, kisha miguu inashuka ukingoni huku mikono ikikusukuma uketi. Hakuna kujikunja wala kujinyonga kiuno. Parasetamoli nameza kwa saa, sisubiri maumivu yapande. Zile dawa kali za jamii ya mofini nilipewa kwa muda mfupi, nikaziacha mapema, kwa sababu zinafunga choo, na kujikamua ukiwa na pingili iliyovunjika ni adhabu nyingine. Mkanda wa mgongo navaa ninaposimama kwa muda mrefu, nikilala nauvua. Ukiuvaa kutwa, misuli inazoea kubebwa. Na kila siku natembea, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi, kwa sababu kulala tu kunamaliza misuli na mifupa yenyewe.

Sasa saruji. Tiba hii ilianzia Ufaransa mwaka 1984. Daktari anapitisha sindano nene mgongoni huku akiangalia kwa eksirei, anaingiza saruji ya kitabibu ndani ya pingili, nayo inakauka kwa dakika chache. Aina ya pili hutanguliza kipira kidogo kinachojazwa ndani ya mfupa ili kuunyanyua kwanza, ndipo saruji ifuate. Ukisikia hivyo unasema, kwa nini tusimalize jambo? Nami nilisema hivyo, mpaka daktari aliponieleza tafiti mbili za mwaka 2009. Wagonjwa waligawanywa, wengine wakadungwa saruji kweli, wengine wakapigwa ganzi tu na kufanyiwa kila kitu kingine, hata harufu ya saruji waliisikia, lakini saruji haikuingizwa. Wote walipata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa Australia uliowachagua wenye maumivu makali ambao mvunjiko wao haujafikisha wiki sita, na hao saruji iliwasaidia. Mwaka 2018 utafiti wa Uholanzi, nao wa wagonjwa wenye mvunjiko mpya, haukuona saruji ikiishinda sindano tupu.

Kwa hiyo simkatalii mama mkubwa. Alikuwa amelazwa, hawezi hata kuketi, na huenda yeye ndiye mgonjwa hasa ambaye tiba hii inamfaa. Mimi siko alipokuwa yeye. Pingili za namna hii kwa kawaida huunga ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili, na maumivu yangu yanashuka. Polepole mno, lakini yanashuka. Saruji nayo ina hatari zake. Inaweza kuvuja nje ya mfupa. Mara nyingi uvujaji huo hauleti shida, ila mara chache hugusa neva au huingia kwenye mshipa hadi mapafuni. Tumekubaliana na daktari: maumivu yakigoma, au yakinirudisha kitandani, nitapigwa picha ya MRI kuona kama mfupa bado una uvimbe wa jeraha jipya, na ukiwa nao tutalizungumza upya.

Lakini Mama Zawadi, kila anayekuja kuniona anaulizia mfupa uliovunjika, hakuna anayeulizia iliyobaki. Mimi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mwanamke aliyevunjika pingili kwa sababu ya mifupa kudhoofika, takribani mmoja kati ya watano huvunjika nyingine ndani ya mwaka unaofuata. Saruji inaziba palipobomoka tu. Kipimo cha DEXA, kile cha uzito wa mifupa, kimenipa hasi 3.1, na ugonjwa wa mifupa kudhoofika unahesabiwa kuanzia hasi 2.5 kushuka chini. Damu pia imepimwa, kuhakikisha si saratani ya uboho wala tezi zilizoharibika, kwani pingili ikivunjika bila sababu ya maana lazima mtu atafute kilicho nyuma yake. Kifua kikuu cha mifupa nacho kiliangaliwa. Kote huko salama.

Nilipokwama ni kwenye dawa. Kidonge cha alendroneti cha kila wiki hakinifai: kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha hulali wala huli kwa nusu saa, na mimi koo langu la chakula tayari lina kiungulia kibaya. Kuna dripu ya asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka. Kuna denosumabu, sindano ya kila miezi sita, ila ukiiacha bila kuingia dawa nyingine, pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo, na mimi siwezi kuahidi kwamba sitachelewa hata mara moja. Halafu kuna teriparataidi, unayojidunga mwenyewe kila siku. Zile nyingine zinapunguza mfupa kuliwa. Hii inajenga mpya. Daktari anaipendelea ianze, dripu ifuate kulinda kilichojengwa. Gharama yake inanitisha, lakini kwa hasi 3.1 na pingili iliyokwisha kuvunjika, naona yuko sahihi. Nitampa jibu nikirudi kliniki, baada ya kuangaliwa meno, maana dripu ile inahitaji taya lenye afya.

Nawe nina neno nawe. Hedhi yako ilikoma mapema kuliko yangu, na zile predinisoloni za pumu umezimeza kwa miezi na miezi, na yote mawili hudhoofisha mifupa. Mwaka jana uliniambia magauni yako yamekuwa marefu, tukadhani ni kitambaa. Karibu theluthi mbili ya pingili zinazobonyea hazigunduliwi zinapotokea. Mtu anasema ni mgongo wa uzee, anapaka dawa ya kuchua, basi. Simama ukutani bila viatu, mtu akupime kimo, ulinganishe na kile kilichoandikwa kwenye kadi zako za zamani. Ukiwa umepungua sentimita nne au zaidi, omba picha ya mgongo na DEXA, na umtajie daktari hizo predinisoloni. Usiziache ghafla kwa woga, hilo ni hatari peke yake.

Niandikie kimo ulichopata. Na mwambie mama mkubwa namsalimu, umuulize pia kama baada ya saruji walimpa dawa yoyote ya mifupa.

Rafiki yako akupendaye,
Mama Tumaini