Waliorekodiwa waione filamu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu filamu za dokumentari, hasa zile zinazosimulia historia, utamaduni na watu wa eneo fulani. Nazipenda sana. Ombi langu kwa wanaozitengeneza ni hili: waliorekodiwa waionyeshwe filamu kabla haijafika kwingine, kisha waachiwe nakala.

Miaka mingi iliyopita watu wa filamu walikuja kumrekodi babu yangu. Alizungumza mchana kutwa: nani alihamia lini, mto ulibadili njia mwaka gani, wimbo upi ni wa mavuno na upi wa msiba. Wakamshukuru, wakaondoka. Babu alifariki bila kuiona filamu hiyo. Mimi nilikuja kuiona kwa bahati tu. Anaonekana kidogo, na sauti yake imefunikwa na ya msimulizi anayetueleza babu yangu ni nani. Kilichoniumiza zaidi ni wimbo wa msiba aliouimba: umewekwa juu ya picha za watu wakicheza. Mzee yeyote wa pale angeligundua kosa hilo papo hapo, laiti angeulizwa.

Kasoro za namna hii ni za siku nyingi. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa "Nanook of the North", filamu kuhusu Wainuit wa kaskazini mwa Kanada. Huyo Nanook jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Mbele ya kamera waliwinda kwa vyusa ilhali bunduki walishakuwa nazo, na nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie. Lakini nisimnyime Flaherty haki yake: alibeba vifaa vya kusafishia picha na projekta, akawaonyesha wenyeji alichokipiga huko huko. Leo kamera inaingia mfukoni, na bado wengi hawafanyi hata hilo.

Waliolifanya kwa ukamilifu walikuwa kwenye kisiwa cha Fogo, Kanada, mwaka 1967. Uvuvi ulikuwa umedorora na kulikuwa na mpango wa kuwahamisha watu. Colin Low, wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya nchi hiyo, aliwarekodi wakazi katika filamu fupi zaidi ya 20, kisha akazionyesha kwanza kisiwani, kijiji kwa kijiji. Watu ambao hawakuwa wakizungumza ana kwa ana wakawa wanasikilizana kupitia skrini. Ndipo filamu zikapelekwa kwa viongozi wa serikali, na majibu ya viongozi nayo yakarekodiwa yakarudishwa kisiwani. Wavuvi walianzisha ushirika, na kisiwa hakikuhamwa. Sidai kwamba filamu peke yake ilifanya yote hayo, ila ilisaidia watu kusikilizana na kusikika.

Najua kuna mwongozaji atakayeuliza: je, kila mtu akitaka apunguziwe hiki na kile, ukweli utabaki? Hofu hiyo naielewa, hasa pale filamu inapowagusa wenye madaraka. Lakini kuonyeshwa si kupewa mkasi. Uamuzi ubaki kwa mwongozaji, ila aamue akiwa ameshasikia kwamba jina limekosewa, tafsiri imepinda, au wimbo si wa harusi.

Kuhusu nakala, naomba isiwe filamu iliyokamilika peke yake. Mazungumzo yaliyoachwa nje, yale ya saa nzima nzima, ndiyo yenye historia ya watu, nayo hukaa kwenye diski ya mtu mmoja hadi iharibike. Yawekwe kwenye maktaba au shule ya pale pale yaliporekodiwa, katika lugha iliyozungumzwa.

Na kama miongoni mwa wasomaji wako yupo anayehifadhi rekodi za zamani za wazee wa mahali fulani, hata sauti tupu zisizo na picha, azitafutie njia ya kurudi kwa wajukuu wao. Sisi tungeipokea ya babu kwa mikono miwili.

Msomaji wako