Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi wa Transfoma, Mombasa

Ndugu wanachama, assalaam aleykum, na hamjambo nyote.

Vikao vya kamati vilifanyika kama katiba inavyotaka, wagonjwa walitazamwa na waliofiwa walifikiwa. Hayo mnayajua, sitayarefusha.

Nitakalolikalia ni mashine ya kupima mafuta ya transfoma. Tangu kamati iinunue kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya safari ya wanachama, maneno yamekuwa mengi, na mengi yamesemwa barazani badala ya mkutanoni. Risiti zote ziko kwa mweka hazina; anayetaka kuziona na aende. Bei nilizitafuta mimi mwenyewe, na katiba inairuhusu kamati kununua vifaa vya kazi.

Wapo wanaosema mega, kile kifaa cha kupimia ukinzani wa kihami, inatosha. Mega ni kifaa kizuri, lakini haikwambii mafuta yatavumilia umeme wa kiasi gani kabla haujaruka ndani yake. Mafuta mapya yaliyochujwa na kukaushwa yanatakiwa yastahimili angalau kilovolti 70 kwenye nafasi ya milimita 2.5 kati ya vichwa viwili vya kupimia. Yakiingia maji kidogo tu pamoja na uchafu, kiwango kinaporomoka. Na hapa kwetu maji yanaingia kwa urahisi: mzigo ukipanda mafuta hutanuka, usiku hunywea, na transfoma huvuta hewa ya pwani kupitia chembe za silika zinazonyonya unyevu. Nyingi nilizozikuta Shimanzi na Changamwe zilikuwa zimeshatoka buluu zikawa waridi, yaani zimejaa unyevu, na hakuna aliyezibadilisha. Kazi hiyo ni ya nani kama si yetu?

Mafuta huchujwa, hata hubadilishwa. Karatasi ya kuhami iliyozungushiwa koili haibadilishwi ila kwa kusuka koili upya, na hiyo ndiyo inayoamua umri wa transfoma. Kwa karatasi ya kawaida, sehemu yenye joto kuliko zote ndani ya koili ikivuka nyuzi 98 za Selsiasi, kila nyuzi 6 zinazoongezeka hukata umri wake nusu. Wakati wa kaskazi, hoteli zikiwasha viyoyozi vyote, hilo si jambo la vitabuni. Unyevu nao huila karatasi hiyohiyo. Ndiyo maana nasema mashine ile italeta faida ambayo safari isingeleta.

Mashine haipimi gesi zinazoyeyuka ndani ya mafuta transfoma ikiwa na hitilafu. Kwa hizo tutaendelea kupeleka sampuli za mafuta maabara. Hidrojeni pekee huashiria cheche ndogondogo, asetilini huashiria umeme unaoruka ndani ya tangi. Asetilini ikipanda, usisubiri rilei ya Buchholz, ile swichi ya ulinzi inayohisi gesi, ikukatie umeme.

Sasa mahudhurio. Mafunzo ya kuchukua sampuli bila kuingiza hewa wala vumbi niliyaandaa Jumamosi ili pasiwe na kisingizio, na bado viti vilibaki vitupu. Waliokosa ndio haohao wanaouliza mashine inatumiwaje. Ada pia: zaidi ya nusu yenu mna madeni, wengine ya zaidi ya mwaka, na walio mbele kulalamikia safari wamo humo. Nimenyamaza muda mrefu kwa heshima ya wazee wetu, lakini chama hakiendeshwi kwa heshima tupu.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata kamera ya kupimia joto, kuwa na daftari la kila transfoma tunayoihudumia, na pengine safari pia, fedha zikiruhusu. Madeni yalipwe kwa mweka hazina kabla ya mkutano mkuu. Asiyelipa hatapiga kura.