Ndoo ya lita 20 na maada giza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilikuwa na habari fupi, ukurasa wa ndani, kwamba wanasayansi wameikosa tena maada giza, ile maada isiyoonekana inayojulikana kwa uzito wake tu. Binti wa mdogo wangu, yuko kidato cha nne hapa Lindi, aliisoma kwa sauti tukiwa barazani, akalikunja gazeti akaniuliza, "Baba mkubwa, hawa si wanakula hela tu?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Barua hii ndiyo jibu, na ni lalamiko kwako pia, maana habari ile haikusema walikuwa wanatafuta nini hasa, wala kwa kipimo gani.

Mimi ni msimamizi wa mashamba ya chumvi. Fizikia niliisoma mpaka kidato cha sita na sijaiacha.

Chukua swali moja tu: je, chembe za maada giza zina chaji ya umeme? Kwamba kuna kitu kizito tusichokiona, mwanaastronomia Vera Rubin alituonyesha miaka ya 1970 alipopima nyota za pembezoni mwa galaksi akakuta zinakwenda kasi kama za karibu na katikati; bila uzito wa ziada wa kuzishika zingetawanyika. Sasa, kitu chenye chaji hakijifichi. Kinatoa mwanga, kinapoa, kinatuama. Ndivyo gesi ya galaksi yetu ilivyotuama ikawa bapa kama chapati. Maada giza haikutuama, imeizingira galaksi pande zote kama ukungu.

Hoja hiyo peke yake haikuwatosha. Mwaka 1990 mwanafizikia Sheldon Glashow na wenzake wawili waliuliza: vipi kama chembe hizo zina chaji kamili, sawa na ya protoni, ila ni nzito mno? Yenye chaji chanya ingenasa elektroni ikajifanya haidrojeni, na haidrojeni imo kwenye maji. Basi ingekuwemo baharini, kwenye maji yaya haya tunayoyafungulia bamvua likijaa.

Hapo ndipo jambo hili liliponiingia. Maji ya bahari yakiingia jarubani huioni chumvi. Unaliachia jua liyanywe, unayahamishia jaruba la pili, la tatu, na kipimo cha kioo kinazidi kuelea juu, mpaka asubuhi moja unakuta utando mweupe umetanda juu ya maji. Ukiugusa kwa kidole unavunjika na kuzama. Kilichokuwa kidogo kimekusanyika kwa kuwa kingine kimeondoka. Watafiti wa Uingereza walikuwa wamekwisha kufanya jambo la jamii hiyo, na matokeo yao yalitoka mwaka 1982. Walichukua maji mazito, yaani yenye haidrojeni nzito kuliko ya kawaida, wakayapunguza zaidi kwa kuyapitishia umeme, haidrojeni nyepesi ikitangulia kutoka na nzito ikibaki nyuma. Kwenye masalio hayo wakatafuta haidrojeni yenye uzito wa protoni kumi na kitu hadi kama elfu moja. Hawakukuta hata moja.

Nikapiga hesabu. Ndoo ya lita 20 ina atomu za haidrojeni zinazozidi 1 ikifuatwa na sifuri 27. Kwa kikomo walichokiweka, yaani wingi wa juu kabisa ambao chembe hizo zingeweza kuwa nao bila wao kuziona, maji ya ndoo nzima hayafikishi hata chembe moja ya namna hiyo. Ndoo ileile tunayochotea kisimani! Mhariri, mtu aliyepekua hivyo huwezi kumwandika kwamba "ameikosa" ukaishia hapo.

Umebaki mlango wa chaji ndogo sana, sehemu ya elfu au ya milioni ya chaji ya elektroni. Mwaka 2018 antena iliyoko Australia Magharibi ilileta ishara kwamba haidrojeni ya ulimwengu ulipokuwa mchanga ilikuwa baridi kuliko ilivyotarajiwa. Wako waliosema huenda maada giza yenye chaji kidogo ndiyo iliyoipoza. Wengine wakapiga hesabu wakaonyesha kwamba hata hivyo ni sehemu ndogo tu ya maada giza ingeweza kuwa na chaji hiyo. Kisha Wahindi wakaiweka antena yao ielee juu ya chelezo, ziwani huko Karnataka, kwa sababu ardhi ya chini ya antena huvuruga vipimo, lakini maji ni yaleyale kila upande. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba ishara ile hawakuiona.

Ombi langu ni mistari miwili tu. Habari kama hii ikija tena, mwandishi wako aeleze kilichotafutwa ni kipi, na kingekuwa kidogo kiasi gani bado kingeonekana.

Jana jioni nilimpa binti yule kalamu nikamwekea ndoo mbele yake. Akaanza na gramu 18 za moli moja ya maji, akaenda mwenyewe mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeruka sifuri moja. Hesabu iliyomo humu ni yake.

Msimamizi wa mashamba ya chumvi,
Lindi