Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wenzangu,

Kwa mujibu wa katiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ninawasilisha kwenu taarifa ya kipindi cha Januari hadi Desemba 2025.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Vikao vyote 12 viliitishwa, wagonjwa walitembelewa, na usajili wetu halmashauri, ambao Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inautaka kwa vikundi kama chetu, uko hai. Hisa zilizonunuliwa ni shilingi 13,840,000, mikopo iliyotolewa ni 21,500,000 kwa wanachama 33, riba iliyopatikana ni 1,505,000, na ada ya mwaka ni 744,000 kati ya 1,104,000 zilizotarajiwa. Mchanganuo atausoma Mhazini.

Sehemu kubwa ya taarifa hii naielekeza kwenye jambo lililosemwa sana, na mara nyingi nje ya kikao: uamuzi wa mwezi Machi wa kutoa shilingi 3,150,000 kwenye mfuko wa jamii, yaani mfuko wetu wa misiba na majanga, ili kuwakomboa wanachama sita waliokuwa wamebanwa na mikopo ya kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa mno. Imesemwa kwamba mwenyekiti aligawa fedha za misiba kwa watu walioponzwa na tamaa. Maneno hayo yameniumiza, kwa sababu nilikaa na kila mmoja wa hao sita na kupitia hesabu za nyumba yake kwa ridhaa yake. Wanne walikopa Januari, wakati mwenye nyumba alipodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na watoto walikuwa wanarudi shule. Mmoja alikopa kwa ajili ya msiba, na mmoja kwa ajili ya mchango wa harusi aliokuwa ameuahidi mbele ya ukoo. Hakuna niliyemkuta amekopa kwa anasa.

Mwanachama mmoja, mwalimu, alichukua shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mshahara ulipoingia, mkopeshaji ndiye aliyetangulia kwenye mashine, akachukua riba yake ya 90,000 na kumkabidhi mwenye mshahara kilichobaki. Kwa miezi 11 alilipa 990,000, na deni lilibaki palepale, 300,000. Kwa ukomo wa Benki Kuu ya Tanzania wa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba ya mkopo kama huo isingezidi 10,500. Wapo waliouliza kwa nini utaratibu wa mtumishi kubakiwa na theluthi moja ya mshahara haukumlinda. Utaratibu huo unahusu makato yanayopitia kwa mwajiri. Anayeshika kadi hapitii huko, anasubiri fedha zikishafika benki.

Kuhusu hoja kwamba Mkutano Mkuu haukushirikishwa, kumbukumbu zipo. Kikao cha Machi kilihudhuriwa na wanachama 17 kati ya 46, wakati akidi ni 23. Niliitisha kingine baada ya wiki moja, wakaja 14. Mshahara ulikuwa karibu kutoka, na mkopeshaji mmoja alikuwa ameshachukua pikipiki ya mwanachama wetu. Kamati ikaamua kwa kura nne dhidi ya moja, tukilisoma neno «majanga» katika katiba yetu kuwa linahusu pia hali ile. Katibu alipinga, maoni yake yameandikwa kwenye muhtasari, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini waliokuwa nyumbani siku zile mbili hawawezi leo kusema kwamba hawakuulizwa.

Wakopeshaji walidai jumla ya shilingi 4,860,000. Nilikwenda kwao mara tano kwa nauli yangu mwenyewe, na nilipoomba kuona leseni, wawili kati ya wanne hawakuwa nayo. Tukafikia 3,150,000, yaani pungufu ya 1,710,000, na malipo yalifanyika mbele ya mtendaji wa kata. Kadi zote sita zilirudi, na namba za siri zilibadilishwa siku ileile.

Wanachama sita walipewa miezi 10 ya kurejesha bila riba, na hapa ndipo malalamiko yalipozidi, kwamba anayejibana analipa riba na aliyezama anasamehewa. Naelewa uchungu huo. Hata hivyo, kumtoza riba mtu aliyekwisha kunyonywa riba miezi 11 kungemrudisha alikotoka. Hadi leo zimerejeshwa 1,940,000, zimebaki 1,210,000. Wanne wako kwenye ratiba. Wawili wamechelewa, na mmoja wao, nasema kwa masikitiko, alirudi kukopa kupitia programu ya simu. Sisi sote tulijua, kwa sababu ujumbe wa wakopeshaji hao wa kumdhalilisha ulitufikia katika simu zetu. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na orodha hiyo niliisambaza kwenu mapema. Ni kweli pia kwamba mwezi Agosti, mwenzetu alipofiwa na mama yake, mfuko haukuwa na fedha za kutosha kwa rambirambi ya 300,000. Nilitoa 150,000 mfukoni mwangu, nikarejeshewa Oktoba, na familia ile niliiomba radhi kwa kucheleweshewa nusu ya pili.

Mfuko huo ungekuwa na nguvu kama ada zingelipwa. Wanachama 15 hawajalipa ada ya shilingi 24,000 kwa mwaka mzima, na baadhi yao ndio wanaohoji zaidi matumizi. Kati ya vikao 12, ni vinne tu vilivyofikia akidi. Tulipoandaa mafunzo ya kupanga matumizi ya nyumba, ambapo kila mmoja alitakiwa kuja na mumewe au mkewe na daftari la matumizi ya mwezi mmoja, walifika wanachama tisa. Hao tisa waligundua jambo dogo lenye faida: kodi ya miezi sita ikigawanywa na kutengwa kila mshahara unapotoka, Januari haiji na hofu. Ningependa wengine 37 wangelisikia siku ile.

Kwa mwaka 2026 tunatarajia, Mungu akipenda, kuanzisha akiba maalumu ya kodi na ada za shule, na ikiwezekana kutafuta namna ya mkopo wa dharura unaotoka ndani ya siku mbili, ili mwanachama asilazimike kukimbilia kwa mwenye kushika kadi. Viwango na taratibu kamati itavileta mbele yenu akidi itakapotimia.

Deni la 1,210,000 linabaki chini ya usimamizi wangu hadi limalizike, na stakabadhi zote za Machi ziko mezani kwa Mhazini kwa atakayetaka kuziona.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti