Barua kwa Mwanangu: Usome Mlinganyo Kabla ya Kuukokotoa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma. Unasema milinganyo difrenshali, ile inayoeleza kasi ya mabadiliko, unaikokotoa vizuri, majibu yako yanalingana na yaliyoko nyuma ya kitabu, lakini ukifungua kitabu cha fizikia unakuta alama zilezile na hujui zinasema nini. Sishangai. Vitabu vya hisabati huanza na ufundi wa kukokotoa, na anayejisomea bila mwalimu huamini kwamba ufundi huo ndio somo lenyewe. Weka kalamu chini kwanza.

Chukua huu unaouona mwepesi mno kwako: dN/dt = −λN. Usome kwa sauti, kwa maneno ya kawaida. N ni idadi ya atomi zenye mionzi zilizobaki bila kuoza, t ni wakati, na λ ni sehemu ya atomi inayooza kwa kila kipimo cha wakati. Upande wa kushoto unauliza idadi hiyo inabadilika kwa kasi gani sasa hivi. Upande wa kulia unajibu: kulingana na zilizopo sasa hivi, na alama ya kutoa inasema zinapungua. Basi. Hakuna neno hata moja kuhusu kesho. Fizikia karibu yote huandikwa hivyo: sheria hueleza kinachotokea papo hapo, na kazi ya kujua yatakayofuata tunaachiwa sisi.

Sasa shika kalamu, lakini usitafute fomula. Tuseme λ ni 0.1 kwa sekunde, na unaanza na 1000. Kwa sekunde ya kwanza punguza asilimia kumi: 900. Kisha 810. Kisha 729. Endelea mpaka sekunde ya kumi, utapata takriban 349. Rudia kwa hatua za nusu sekunde, ukipunguza asilimia tano kila hatua: 358. Hatua za sehemu ya kumi ya sekunde zitakupa 366. Jibu kamili, kwa ile fomula ya e unayoijua, ni 368 hivi. Unaona hesabu zako zinavyolisogelea kadiri hatua zinavyofupishwa? Njia hiyo inaitwa ya Euler, naye aliichapisha mwaka 1768. Kompyuta zinazokokotoa njia za vyombo vya angani hutumia njia bora kuliko hiyo, lakini wazo ni lilelile. Binafsi naona kila anayejisomea angepaswa kuifanya kwa mkono kabla ya kufundishwa kutenganisha vigeu, ile mbinu ya kupata fomula kwa kuweka kila kigeu upande wake. Vitabu vingi huiweka mwishoni, kama kitu cha ziada.

Ukishaielewa, rudi kwa Newton. Kani ni sawa na tungamo mara mchapuko: umekariri hivyo tangu zamani, ukapachika namba. Lakini mchapuko ni kasi ya kubadilika kwa kasi, kwa hiyo sheria hiyo yenyewe ni mlinganyo difrenshali wa daraja la pili. Kwa springi, kani inarudisha kitu katikati, na kadiri kinavyokuwa mbali ndivyo inavyovuta zaidi: m·x″ = −kx, x ikiwa umbali kutoka katikati, x″ mchapuko, m tungamo, na k ugumu wa springi. Usome tena kwa maneno. Natafuta mwendo ambao mchapuko wake daima unaelekea kinyume na mahali kitu kilipo. Sini ukiitafuta mabadiliko yake mara mbili inarudi ileile, ila imegeuzwa alama. Kwa hiyo jaribu x = sin(ωt), ambapo ω hupima wepesi wa kubembea, ipachike, na mlinganyo wenyewe utakuambia kwamba ω² lazima iwe k/m. Tungamo la kilo 0.5 kwenye springi ya niutoni 50 kwa mita linakupa ω ya 10, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 0.63.

Uliuliza kama kubahatisha hivyo si udanganyifu. Si udanganyifu hata kidogo. Jibu likiingia kwenye mlinganyo na kuuridhisha, haijalishi limetoka wapi. Kosinia nayo inaridhisha, na ndiyo maana jibu kamili lina namba mbili zisizojulikana, zile A na B ambazo kitabu chako kinaziingiza bila kueleza. Moja inaamuliwa na mahali kitu kilipoanzia, nyingine na kasi kiliyoanza nayo. Springi ileile inaweza kuvutwa na kuachiwa, au kupigwa ikiwa katikati. Sheria ni moja, mwanzo ni tofauti.

Ongeza msuguano: m·x″ + b·x′ + kx = 0, x′ ikiwa kasi na b kipimo cha msuguano. Safari hii jaribu e^(rt), na kitakachobaki ni mr² + br + k = 0, mlinganyo wa kipeo cha pili ulioujua utotoni. Hapa kaa kwa muda, usiharakishe. Linganisha b² na 4mk. b² ikiwa ndogo, kitu kinabembea huku kikipungua nguvu. b² ikiwa kubwa, kinarudi polepole bila kubembea kabisa. Zikilingana, kinarudi kwa haraka iwezekanavyo bila kupita katikati na kurudi, na ndicho wabunifu wa vifaa vya kuzuia mtikisiko hujaribu kukikaribia. Badilisha alama tu na mlinganyo huohuo unaeleza saketi ya umeme yenye koili, kapasita na kizuizi: koili inashika nafasi ya tungamo, kizuizi nafasi ya msuguano.

Ule wa joto wa Fourier na ule wa Schrödinger wa 1926 uache kwanza. Humo kuna nafasi na wakati pamoja, na milinganyo hiyo haitakimbia.

Kazi ya wiki hii ni pendulamu ya mita moja. Kitabu kimeandika sin θ, θ ikiwa pembe ya pendulamu kutoka wima, kisha, kwa mstari mmoja tu, kikaweka θ peke yake. Hilo linafaa kwa pembe ndogo, na linakupa mzunguko wa sekunde 2.01. Wewe iachie kutoka digrii 90, ukitumia mlinganyo wenye sin θ, kwa hatua fupi za Euler. Ukitumia hatua ndefu utaiona ikipanda juu zaidi kila mara, kana kwamba inapata nishati bure. Kwa hiyo katika kila hatua kokotoa kasi mpya kwanza, kisha uitumie hiyo kusogeza pembe. Unapaswa kupata karibu sekunde 2.37. Nitumie jedwali lote, pamoja na uliyoyafuta.

Mama yako