Barua kwa ami yangu aliyeifungia mashine kabatini

Shikamoo, Ami.

Nimekupigia simu mara tatu juma hili, na kila mara uko "kazini". Basi nakuandikia hapa hadharani. Jina lako nalihifadhi, ila wenzako wanaosinzia pale barazani Kibokoni kabla kahawa haijamiminwa nao wasome.

Nasikia ile mashine ya pumzi, ya kukusukumia hewa kooni kwa barakoa ulalapo, umeizungushia kikoi ukaitia kabatini baada ya wiki sita. Hoja yako naijua: "Nalala na mkonga kama ndovu, na mchana usingizi bado wanibeba. Faida i wapi?" Sikubishii, Ami. Hayo hayo nilikuwa nikiyasema mimi.

Wakumbuka bibi alivyokuwa akinifukizia ubani, akisema jinamizi lanikaba? Kukabwa nilikabwa kweli, ila na koo langu mwenyewe. Nilipopimwa, pumzi ilikuwa ikikatika au kufifia mara 38 kwa saa. Kukatika huko kwa pumzi usingizini ndiko apnia, na kuanzia 30 madaktari wanaiita kali. Kwa mashine ikashuka hadi 3, nikajiona nimepona. Mwezi wa pili, niko foleni ya feri Likoni, magari ya mbele yameshaingia yote, mimi kichwa ki juu ya usukani. Honi hazikuniamsha. Aliyeniamsha ni muuza njugu, alipogonga kioo kwa sarafu: "Mzee, uko salama?" Nina miaka 41, Ami, naitwa mzee.

Nilirudi kwa daktari nimefura. Akachomoa kadi ndogo iliyo ndani ya mashine, akaitia kwenye kompyuta, siri zangu zote zikawa nje. Nalala saa sita usiku, baraza ikiisha na simu ikichoka. Saa kumi na moja adhana: navua barakoa, naswali, kisha najitupa kitandani bila kuivaa tena mpaka saa moja. Kumbe usingizi wa ndoto huzidi karibu na asubuhi, na ukiwa ndotoni misuli ya koo hulegea zaidi. Zile saa mbili tamu, nilizodhani ndizo zinazonipumzisha, ndimo nilimokuwa nikijinyonga! Na zile tano za mwanzo hazimtoshi mtu mzima hata mwenye koo zuri. Mashine hufungua njia ya hewa, haiongezi saa.

Halafu kulikuwa na kidonge cha mzio nilichomeza kila usiku, aina ile inayolewesha mpaka kesho yake. Nikabadilishiwa. Damu ikapimwa, wingi wake na tezi ya shingo, zote sawa. Wewe hujapimwa hata moja, na una sukari.

Barakoa yenyewe wauzaji walinipa kubwa, hewa ikawa inavujia machoni, naamka nayo mekundu kama mpiga mbizi. Ndogo yake ilinyamaza usiku wa kwanza. Na yale maji ya kisima unayotia kwenye kitangi, acha. Chumvi yake utaiona imeganda chini kama kwenye birika. Tia maji yaliyotoneshwa. Umeme ukikatika usiogope kufa: barakoa kama yako, inayofunika pua na mdomo, ina kilango kinachofunguka upepo wa mashine ukikoma. Utaamka kwa joto la kaskazi tu.

Mama watoto anasema yanguruma kama fagio la umeme. Hajakosea sana. Daktari wa Australia, Colin Sullivan, aliyeitangaza njia hii mwaka 1981, ya mwanzo aliiunda kwa mota ya fagio kama hilo.

Nami sijawa kijana. Saa nane mchana, baada ya pilau, kope bado huniangukia. Daktari ameniambia wapo ambao kila kitu chao kiko sawa na usingizi wa mchana haukubali kuondoka. Hao wana dawa zao, lakini huzipewi mpaka hesabu ya saa, barakoa na damu ikamilike. Miezi minane sasa, na foleni ya Likoni naimaliza macho. Kwangu hiyo yatosha kwanza.

Ijumaa baada ya swala nakuja na barakoa tatu za kujaribu. Kadi ya mashine usiifute, nataka kuiona. Na Jumamosi safari ya Malindi ipo, ila ufunguo wa gari mpe mwanao.