Kikaratasi mnachokiita asidi: barua ya shangazi kwa vijana wetu wa Uholanzi

Wanangu wa Rotterdam, Den Haag na kwingineko,

Salamu nyingi. Mnaonijua mnajua nilifanya kazi maabara ya hospitali nchi hii miaka 31 mpaka nikastaafu, na kwamba kuhubiri si fani yangu. Wa kuwahubiria mnao tele. Mimi nina hesabu tu ya kuwapigia.

Mwaka juzi, kiangazi, nilipigiwa simu usiku kwamba mtoto wa mdogo wangu amekimbizwa hospitali kutoka kwenye tamasha. Nilimkuta amefungwa mipira, mwili unawaka, ameshashikwa na degedege mara mbili. Wenzake wawili walikuwa wamekaa garini nje karibu saa nzima wanabishana waseme au wasiseme alichokula, maana kila mmoja anawaza kibali chake cha kuishi. Mkojo ulipimwa: bangi hakuna, kokeini hakuna, heroini hakuna, amfetamini hakuna. Vipimo vile vya haraka havitafuti LSD, dawa ya maruweruwe inayotiwa kwenye vikaratasi vya kulamba na mnayoiita asidi, wala binamu zake. Mwishowe mmoja akaja akaninong'oneza: "Ni asidi tu, shangazi. Ila walitia sumu ya panya."

Hiyo sumu ya panya nimeisikia tangu nifike Ulaya, na Wamarekani wanaisimulia tangu miaka ya 1960. Sisi inatuingia upesi kwa sababu tumezoea kuchakachuliwa. Petroli inatiwa mafuta ya taa, maziwa yanatiwa maji, asali inatiwa sukari guru, na unga wanaovuta vijana wetu kule pwani unatiwa chochote cheupe kilicho karibu. Sababu ni ile ile siku zote: muuzaji anataka mzigo uongezeke.

Sasa chukueni punje moja ya chumvi ya mezani, iwekeni juu ya kanga nyeusi. Mkiweza kuiona, ina kama mikrogramu 60. Dozi ya kawaida ya LSD ni mikrogramu 50 hadi 150, yaani punje moja, mbili, haifiki tatu. Kikaratasi chenyewe, pamoja na wino na ile picha yake, kina miligramu kumi na kitu. Sumu inayosemwa ni strikinini, ile iliyokuwa ikitiwa kwenye nyama kuulia mbwa koko. Kumwua mtu mzima zinatakiwa makumi ya miligramu, kwa hiyo sumu ingekuwa nzito kuliko karatasi iliyoibeba. Tena ni chungu, shubiri ina nafuu. Na muuzaji angepata nini? Hapo hakuna mzigo wa kuongeza. Taya kukaza na misuli kuuma, ambako watu hukutaja kama ushahidi, huletwa na LSD yenyewe.

Kwa hiyo sumu ya panya itoeni kichwani, maana inawafanya mtazame mlango usio na mwizi. Kwenye karatasi mtu anabadilishiwa. Kwa kuwa nafasi ni ndogo kiasi hicho, muuzaji asiye na LSD anatafuta kitu kingine chenye nguvu kwa kiasi kidogo vile vile. Mwaka 2003 mkemia Ralf Heim, Berlin, alitengeneza jamii ya NBOMe kwa ajili ya kuchunguza vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo. Kazi ya maabara, halali kabisa. Kufika 2010 hivi mmojawapo, 25I-NBOMe, ulikuwa unauzwa mtandaoni, ukaishia kwenye vikaratasi vya picha zile zile. Haufiki miligramu moja kufanya kazi. Unabana mishipa, unapandisha joto la mwili, unaleta degedege, na umeua vijana. Marekani waliupiga marufuku 2013. Kijana wetu alikuwa na kipande kingine mfukoni. Kilipopimwa, kilikuwa na NBOMe na tone la LSD halikuwemo.

Najua jibu lenu: LSD haina ladha, kikiwa kichungu unatema. Ni kweli NBOMe ni chungu na inatia ganzi ulimini. Lakini ulimi wako una umri gani kwenye kazi hiyo, mwanangu, na saa hiyo umeshakunywa bia ngapi? Na viko visivyosubiri ulimi. Mwaka 1967, San Francisco, waligawa bure vidonge vilivyoitwa STP, ambavyo ndani ni DOM, dawa nyingine ya maruweruwe. Vingine vilikuwa na hadi miligramu 20, ilhali chini ya tano zingetosha. Dawa hiyo inachelewa kupanda. Watu wakaona kimya, wakaongeza cha pili, wakaishia hospitali na wengine hawakutulia mpaka siku ya tatu. Vilikuwa safi. Tatizo lilikuwa kipimo.

Usafi, mnauliza. Albert Hofmann aliitengeneza LSD kwa mikono yake kwenye maabara ya kampuni ya dawa ya Sandoz, Basel, Uswisi. Aprili 19, 1943 alimeza mikrogramu 250, na safi kuliko hiyo duniani haikuwepo. Alirudi nyumbani kwa baiskeli akidhani anakufa, na jirani aliyemletea maziwa yeye akamwona kama mchawi. Daktari hakukuta kasoro ila mboni zilizopanuka. Jirani wa watu, na maziwa yake!

Uyoga wa kulevya siurefushi. Kuitwa wa asili hakuufanyi wote ulingane. Mmoja dhaifu, mwenzake mkali, na jicho halitofautishi.

Kama mtu ameshaamua, na mimi si askari, kichupa cha Ehrlich, dawa ya kupimia, kinageuka zambarau kikikutana na LSD na hakigeuki kwa NBOMe. Hakimwambii ni kiasi gani. Bora zaidi ni DIMS, huduma ya kupima inayosimamiwa na taasisi ya Trimbos pale Utrecht tangu 1992. Hawataki jina lako wala pasi yako. Desemba 2014 walipokea kidonge cha waridi chenye alama ya Superman: badala ya MDMA, yaani ekstasi, kilikuwa na PMMA, binamu yake mwenye sumu zaidi, takriban miligramu 170. Nchi nzima ikatangaziwa. Ng'ambo ya maji, Uingereza, wanaume wanne walikufa kwa vidonge vya alama hiyo hiyo kuzunguka mwaka mpya.

Na mwenzenu akianguka, pigeni 112, namba ya dharura, papo hapo. Semeni mlichomeza, lini, vingapi, na kilichobaki mkileteni. Daktari wa hapa anafungwa na siri ya mgonjwa. Ile saa ya garini ndiyo inayoniamsha usiku, kuliko ile karatasi.

Kijana amepona, amerudi darasani. Mama yake Tanga aliambiwa mwanawe alipigwa na jua. Nimemwachia mwenyewe aje aliseme, na mpaka leo kila Ijumaa naulizwa kwa simu kama kofia anavaa.

Shangazi yenu,
Utrecht